Nauli Ikiuzidi Mzigo

Baba mdogo alikuwa na duka la vipuri vya cherehani mjini Songea, nami nilianza kumsaidia mwishoni mwa miaka ya 1980. Duka lilikuwa dogo, na wateja wake wengi hawakukaa Songea. Walikuwa Tunduru, Namtumbo, Mbinga, na kule ziwani, Mbamba Bay na Liuli: mafundi wa vijijini, vikundi vya akina mama, karakana za misheni. Njia ya kuwafikia ilikuwa moja tu, dirisha la vifurushi la Posta.

Taratibu za dirisha lile nilizishika mapema. Mzigo unafungwa kwa karatasi ya kaki, unazungushiwa kamba ya katani, na juu ya fundo baba mdogo anadondosha lakiri nyekundu. Anwani aliiandika mara mbili, moja juu ya kifurushi, nyingine kwenye kikaratasi alichokitia ndani. “Ya juu ikichanika, ya ndani itasema,” alikuwa akiniambia. Karani anapima, anatazama jedwali la bei, anabandika stempu, anagonga muhuri, anakupa stakabadhi. Bei ilifuata uzito. Sindano za fundi wa Mbinga na za fundi wa Liuli zilitozwa sawa, ingawa za Mbinga zilikwenda kama jirani na za Liuli zilikuwa na milima ya kuvuka mpaka ziwani. Hela nazo zilirudi kwa dirisha hilohilo, kwa hawala.

Lakini hapakuwa na pa kwenda pengine. Mwenye haraka na asiye na haraka walipanga foleni moja, na masika barabara ikikatika, wote walingoja. Dawa ya baba mdogo ilikuwa kujaza stoo: mikanda, bobini, mafuta, vya kutosha miezi kadhaa, na mtaji wake ukalala humo pamoja navyo. Watu wanaoisifu sana enzi ile huwa hawaihesabu hela hii.

Mwaka 1994 lililokuwa Shirika la Posta na Simu likagawanywa. Posta ikawa shirika lake, simu zikaenda TTCL, na chini ya sheria ya mwaka 1993 ikawepo tume ya mawasiliano ya kutoa leseni. Kampuni binafsi za vifurushi na vipeto zikapata nafasi. Kwetu zilichelewa, na zilipofika zilitafuta mabenki, mashirika na maofisi makubwa, watu wenye nyaraka za kutuma kila siku na wanaolipia kwa mwezi. Mwenye boksi la bobini hakuna aliyemgombania. Sisi wadogo ushindani ulitufikia kwa mlango mwingine kabisa, nao ni basi.

Lami ya kutoka Makambako ilikuwa imeshafika Songea katika miaka ya 1980, na mabasi ya Dar es Salaam yalikuwepo. Kilichokosekana ni simu. Simu za mkononi zilipoenea, nilimpigia muuzaji wa Kariakoo asubuhi, akafunga boksi, akaandika jina langu na namba yangu kwa maka peni, akalipeleka ofisi ya basi. Kisha unakuja ujumbe: namba ya gari, namba ya konda. Ni zaidi ya kilomita 900, lakini boksi lililopanda gari alfajiri nililipokea stendi usiku huohuo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2008, hawala nayo ikatutoka. Stoo ya baba mdogo tukaipangisha kwa binti anayeshona sare.

Bei ya basi haina jedwali. Karani analinyanyua boksi kwa mkono mmoja, anakutazama, anataja. Unapunguza, anakataa, unageuka kuelekea ofisi ya pili iliyo ukuta kwa ukuta na ya kwanza, anakuita. Nimefanya biashara miaka mingi na sijaona ushindani ulio wazi kuliko huo wa hatua tatu.

Mzigo ukipotea, hata hivyo, unajifunza mengine. Kampuni moja ya basi, ambayo siitaji, ilinipotezea kichwa cha ovaloki cha mteja. Nilipokwenda kudai, kijana wa dirishani aligeuza risiti akanionyesha maandishi madogo ya nyuma: hawahusiki na mzigo ambao thamani yake haikutajwa. “Kaka, risiti inajieleza,” akasema, akaita anayefuata. Siku hizi mamlaka ya mawasiliano, TCRA, inataka mabasi yanayobeba vifurushi yawe na leseni, kwa hiyo angalau mlalamikaji ana mahali pa kupeleka karatasi yake. Lakini konda anayesukuma boksi chini ya siti bila risiti bado yupo, na bei yake ndiyo ya chini kuliko zote. Mafundi wengi humchagua huyo, nami siwalaumu.

Lami iliposogea mpaka Mbinga, na baadaye Mbamba Bay, niliona ramani ya wateja wangu ikijichora upya. Tunduru na Mbinga, ambako lami imefika, wakaagiza mara kwa mara, vitu vidogovidogo. Liuli wakapungua. Basi linafika Mbamba Bay, hapo lazima awepo wa kupokea, kisha bodaboda. Nilimpigia fundi mmoja wa huko, mzee aliyekuwa mteja wa baba mdogo, nikamuuliza mbona kimya.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Sindano zako nzuri, ila nauli imeuzidi mzigo.”

Maneno yake yalinikumbusha lile jedwali. Bei moja kwa Mbinga na Liuli ilikuwa na wa kuilipia, na kwa mtazamo wangu mmoja wao alikuwa mimi. Mizigo mingi ya njia rahisi, ya Dar mpaka Songea, ndiyo iliyofidia bahasha chache za njia ngumu. Mabasi yalichukua njia rahisi, tukafuata kwa furaha. Posta ikabaki na wajibu wa kisheria wa kufika kila pembe, barua zenyewe zikiwa zimeishia kwenye simu. Ningerudi nyuma? Hapana. Hakuna anayenunua ovaloki akakubali isimame wiki kadhaa. Ila sipendi kusikia kwamba ushindani umeshusha gharama, nukta. Umeishusha ya nani, na kutoka wapi mpaka wapi?

Mafundi wa Liuli wenyewe wamepata njia: wanakusanya oda zao pamoja. Yule mzee hunisomea orodha kwa simu, nami namtajia bei mbili, ya Posta kwa rejista na ya basi. Sindano na bobini za akiba anaagiza kwa Posta. Safari hii alichagua basi kwa mzigo wote, kwa sababu shule zinafungua na sare hazijashonwa. Nauli ya bodaboda tumegawana nusu kwa nusu.