Pumzi ya Mgonjwa Asiyepona

Kiswahili kina maneno mengi ya kifo, na kila neno lina adabu yake. Mtu hufa, hufariki, huaga dunia, hukata roho. Katika usemi huo wa mwisho mna fikra nzito: anayekata ni mwenye roho, si jirani yake. Mkono wa mtu mwingine ukiingia hapo, lugha hubadili neno mara moja, ikasema ameua. Siku hizi wapo wanaouliza kama baina ya maneno hayo mawili hakuna nafasi ya la tatu: kifo cha huruma, yaani kumfisha mgonjwa asiye na tumaini la kupona ili apumzike na mateso. Twaona yafaa swali hili lizungumzwe kwa utulivu shuleni mwetu, kabla halijatufikia likiwa limekwisha jibiwa na wengine.

Sisi wazaliwa wa Rungwe hatuwezi kusema kwamba jambo hili halina jirani katika historia yetu. Huko Lubaga alikaa Lwembe, mfalme mtakatifu wa Wanyakyusa. Wazee walisimulia, na wataalamu Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wilayani kati ya mwaka 1934 na 1938, wakaandika, kwamba Lwembe hakuachwa afe kwa maradhi. Uhai wake uliaminiwa kuwa ndio rutuba ya nchi. Akidhoofika yeye, mvua, migomba, ng'ombe na uzazi vingedhoofika pia. Kwa hiyo alipougua sana, makuhani walimziba pumzi. Nywele na kucha zake zilitwaliwa kabla hajafa, ili neema ya chakula isiondoke pamoja naye. Ng'ambo ya mto Songwe, Kyungu wa Wangonde naye alikuwa na ajali kama hiyo. Si ajabu kwamba cheo cha Lwembe kiliogopwa, hata mteule akawa hana budi kukamatwa kwa nguvu.

Tumewahi kumsikia mtu akiitaja Lubaga kuwa ushahidi kwamba wahenga walikubali kifo cha huruma. Hoja hiyo haisimami. Lwembe hakuzibwa pumzi kwa sababu aliumwa, bali kwa sababu wengine waliogopa njaa. Hakuulizwa neno. Waliomzunguka walikuwa na faida katika kifo chake, nao ndio waliokuwa waamuzi wa saa yake. Lubaga, basi, haitufundishi huruma. Yatufundisha jinsi haja ya jamaa iwezavyo kuvaa vazi takatifu mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Pamoja na hayo, hatuwezi kuwabeza wanaoomba kufa. Baba yetu mdogo aliugua saratani ya koo. Alirudishwa nyumbani kutoka hospitali moja kubwa akiwa na vidonge vya kawaida vya maumivu, naye hata maji alikuwa hawezi kumeza. Usiku, mvua ya Tukuyu ikipiga bati, alitushika mkono akanong'ona: "Wanangu, mbona mwanichelewesha?" Hatukuwa na la kumjibu ila kumgeuza ubavu na kumlowesha midomo. Nje, katika jamaa, ng'ombe wa pili alikuwa amekwisha uzwa, na mmoja wetu alitamka kwamba mzee amekwisha choka, aachiwe njia. Tulijiuliza, na bado twajiuliza: katika maneno yale, kipi kilikuwa uchovu wa mzee, na kipi uchovu wetu?

Uholanzi ilikuwa nchi ya kwanza kuweka sheria ya taifa ya kuruhusu jambo hili, iliyoanza kutumika mwaka 2002, na Ubelgiji ikafuata mwaka huo huo. Sheria ya Uholanzi yataka mgonjwa aombe kwa hiari yake, mateso yake yawe hayavumiliki wala hayana tumaini la kupungua, na daktari wa pili ashauriwe. Hapa Tanzania mambo ni kinyume. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu chasema wazi kwamba anayeharakisha kifo cha mgonjwa huhesabiwa kuwa amesababisha kifo hicho, hata kama maradhi yenyewe yangemuua. Katiba nayo, katika ibara ya 14, yaipa jamii wajibu wa kuhifadhi uhai wa kila mtu.

Twaafiki sheria yetu, lakini twaona haitoshi kuafiki na kwenda zetu. Wahenga walinena: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba haja yake yajulikana, apewe. Sasa, kama uji haulizwi, vipi aulizwe kifo kabla hajapewa dawa ya maumivu? Mofini imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima, na ikipimwa vizuri humtuliza mgonjwa bila kumuua. Jirani zetu wa Uganda walianza huduma hiyo mwaka 1993, kwa juhudi za daktari Anne Merriman, wakitumia mofini ya maji inywewayo. Mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu nao waliruhusiwa kuiandika. Muuguzi anaweza kufika kijijini ambako daktari hafiki.

Tena tutenganishe mambo mawili. Kuacha tiba isiyofaa kitu, mgonjwa akalazwa kwake katikati ya watu wake, si kumuua. Ni kukiri kwamba maradhi yameshinda dawa. Kumdunga sindano ili afe ni jambo lingine.

Hatudai kwamba dawa humaliza hoja yote. Atakuwapo mgonjwa aliyetulizwa maumivu na bado akasema ametosheka na dunia. Huyo twapaswa kumsikiliza hadi mwisho bila kumhukumu. Lakini kuwapa watu wengine mamlaka ya kuzima pumzi yake, katika nchi ambamo maskini huyahesabu maradhi yake kwa ng'ombe wa jamaa, ni kumweka kila mgonjwa maskini mahali pa Lwembe. Mzee asilazimike kuomba ruhusa ya kuendelea kuishi.