Kaliba Kwenye Leseni ya Baba

Babu yangu alikuwa na gobole. Baba alikuwa na .404, kisha .375. Mimi leseni yangu imeandikwa .30-06. Ni ukoo mmoja, kijiji kimoja cha Urambo, mkoani Tabora, na kila silaha ilipobadilika tulilazimika kurudi polisi kuanza upya. Watu wengi wanadhani leseni ni ruhusa ya kuwa na bunduki. Mimi nimekua nikiona kwamba ni ruhusa ya kuwa na bunduki ile, yenye namba ile, inayokula risasi ile na si nyingine.

Gobole la babu lilikula chochote. Ulimimina baruti mdomoni mwa mtutu, ukashindilia, ukatia kipande cha chuma alichokata mhunzi, ukapachika fataki, ukaomba Mungu. Halikuwa chaguo lake. Mataifa ya Ulaya yaliyokutana Brussels yalikubaliana mwaka 1890 kuzuia bunduki za kisasa zisienee mikononi mwa Waafrika, na watawala waliofuata hawakuuacha mwelekeo huo. Mwafrika wa kawaida kijijini, hata akiwa mwindaji hodari, aliishia kwenye gobole. Kaliba, yaani kipimo cha mtutu na risasi yake, halikuwa neno la nyumbani kwetu.

Baba ndiye aliyelileta. Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuanguka miaka michache baadaye, zingine zikiwa Kongwa na Nachingwea. Karanga ziliposhindikana, walowezi waliobaki wakageukia tumbaku. Baada ya Uhuru baadhi yao walifunga virago, na mmoja aliuza raifo yake kwa baba, aliyekuwa karani wa mizani kwenye ushirika wa tumbaku. Ilikuwa .404 Jeffery, risasi ya Kiingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20, yenye kichwa cha takribani gramu 26. Idara ya wanyamapori tangu enzi za Tanganyika iliwapa askari wake bunduki za kaliba hiyo kwa ajili ya tembo wanaovamia mashamba, kwa hiyo aliyeishika alionekana ameshika kitu kinachojulikana.

Baba aliipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini alinunua bunduki ambayo chakula chake kilikuwa kinakwisha duniani. Kynoch, kiwanda cha Uingereza kilichokuwa kikitengeneza risasi hizo, kiliacha kutengeneza risasi za wanyama wakubwa katika miaka ya 1960. Halafu mwaka 1973 serikali ikasimamisha uwindaji nchi nzima, hadi mwaka 1978. Katika miaka hiyo .404 ilikaa kabatini, imefungwa kwenye kanga ya zamani ya mama, ikipakwa mafuta. Uwindaji uliporuhusiwa tena, risasi hazikuwepo. Miaka ya 1980 hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Sembuse risasi ambazo watengenezaji wenyewe walikwisha kuziacha. Nyati kutoka pori la Ugalla waliingia kwenye mahindi, na baba alikuwa akizitazama risasi chache zilizobaki kama mtu anayetazama mbegu ya mwisho mwaka wa njaa.

Ndipo akaamua kuhamia .375. Hiyo ilitengenezwa London mwaka 1912 na Holland & Holland, ikaenea dunia nzima, na hapa kwetu ndiyo kaliba ya chini inayokubalika kwa nyati na tembo. Risasi zake zilipatikana kwa wenye maduka ya silaha hata nyakati ngumu.

Nilimsindikiza polisi wilayani. Nilikuwa kijana wa sekondari, na nilitegemea askari angekata tarakimu za zamani kwa kalamu na kuandika mpya. Baba alikuwa na risasi moja ya .404 mfukoni na ganda tupu la .375 aliloomba kwa afisa wanyamapori. Akaviweka juu ya meza, vimesimama. Afande, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakugusa leseni kwanza. Aliligeuza ganda, akasoma maandishi ya kwenye kitako, akapitisha kucha yake kwenye ule mshipi wa shaba ulioinuka kuzunguka sehemu ya chini. Kisha akachukua ile .404, nene zaidi, isiyo na mshipi.

"Mzee wangu," akasema, "hapa hubadilishi tarakimu. Hii ni bunduki nyingine. Hiyo uliyonayo unaniachia, nyingine unaiomba."

"Na nikiomba nikanyimwa?"

"Utakuwa huna bunduki, mzee. Ndiyo maana fikiria kabla hujasaini."

Baba alifikiri, akasaini. Raifo ikaingia ghala la silaha, akapewa stakabadhi. Ikafuata barua ya kijiji, ya kata, kikao cha wilaya, kisha kibali cha kununua. Alipanda treni ya Reli ya Kati hadi Dar es Salaam, kibali kikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya shati. Aliporudi na .375 iliyokwishatumika, yule afande alilinganisha namba ya kwenye chuma na ya kwenye karatasi, tarakimu moja moja, akisoma kwa sauti, kabla ya kuandika leseni. Tangu siku hiyo aliyekuwa na ruhusa ya kununua .375 hakuwa tena na ruhusa ya kununua .404. Risasi chache za .404 zilizobaki alikuwa amezikabidhi pamoja na bunduki, ingawa ilimuuma baada ya miaka mingi ya kuzitunza.

Baba alipofariki, kwenye kikao cha matanga baba mdogo alitaka bunduki ibaki nyumbani iwe kumbukumbu. Nilimwelewa, lakini bunduki hairithiwi kama shamba. Leseni inakufa na mwenye leseni. Tuliipeleka polisi pamoja na risasi zake na cheti cha kifo, nami nikaanza maombi yangu kwa jina langu.

Mambo yalikuwa yamebadilika. Ilikwishapita Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uhakiki wa silaha wa nchi nzima wa mwaka 2016 ulikuwa umewafanya watu kuchukulia karatasi zao kwa uzito. Baba aliulizwa zaidi kuhusu bunduki. Mimi niliulizwa zaidi kuhusu mimi. Kwa nini unaihitaji? Nani anaishi nyumbani kwako? Sefu imefungwa ukutani kwa boliti au imewekwa tu sakafuni? Unajua kuifungua bunduki na kuitoa risasi? Alama za vidole, picha, kijiji, kata, wilaya, mkoa. Ni safari ndefu, na sioni ubaya wake. Chombo kinachoweza kuua mtu aliye mbali sana nawe kinastahili maswali mengi kuliko pikipiki.

Sikuomba .375. Pori la Ugalla sasa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019, na mimi ni mfugaji anayesumbuliwa na fisi na nguruwe pori. Nyati si kazi yangu. Niliomba .30-06, ndogo zaidi, risasi zake rahisi kupata na bei yake inavumilika.

Kwenye ofisi moja, karani alijaza fomu kwa .308. Nilipomwonyesha, alisema ni kitu kile kile. Kichwa cha risasi kweli kina kipenyo kile kile, milimita 7.82, lakini ganda la .308 lina urefu wa milimita 51 na la .30-06 lina 63. Leseni ile ingetoka vile, nisingeweza kununua risasi hata moja ya bunduki yangu, na ningekutwa na raifo ambayo karatasi haiitambui. Nilikataa kusaini hadi ikaandikwa upya. Natamani kila anayejaza fomu hizo angekuwa amewahi kushika risasi mbili mkononi kama yule afande wa baba.

Kwako wewe ambaye marehemu baba au babu ameacha bunduki kwenye sanduku: usiifiche, usiigawe kwenye mirathi, na usiijaribu kwa risasi uliyookota mahali. Ipeleke kituo cha polisi pamoja na leseni yake na risasi zote zilizobaki, upewe stakabadhi. Ukihitaji yako, omba yako, na siku unapokabidhiwa leseni soma mstari wa kaliba kabla hujatoka mlangoni.