Mjomba, hizo ni trilioni

Ndugu zangu wa nyumbani, nawaandikia kutoka Hamburg. Mjomba, shikamoo kwanza, ugomvi unafuata.

Ile picha uliyoirusha kwenye grupu la ukoo imeninyima usingizi. Ukurasa wa gazeti la huku, umezungushia kalamu maneno "2,5 Billionen Euro", chini yake umeandika: "Kumbe wanadaiwa bilioni mbili na nusu tu!" Watu wakamimina makofi. Hakuna hata mmoja aliyegusa kikokotoo. Ujerumani ina watu kama milioni 83. Wagawie bilioni mbili na nusu, kila mtu atadaiwa euro 30, pesa ya chakula cha jioni mgahawani. Serikali gani hiyo yenye bahati hivyo? Deni lao mwisho wa 2024 lilikuwa trilioni mbili na nusu, yaani kama euro 30,000 kwa kila kichwa.

Huku milioni elfu moja huitwa Milliarde. Billion yao ni milioni mara milioni, ile tunayoiita sisi trilioni. Trillion yao ina sifuri 18, hiyo muiache ilivyo. Wala si Wajerumani peke yao. Wafaransa na Wabelgiji huhesabu hivyo hivyo, na nchi walizozitawala zikairithi hesabu hiyo: bilioni ya Dodoma ikivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda inakuwa miliyari. Hata Waingereza, serikali yao iliiacha rasmi billion ya sifuri 12 mwaka 1974 tu.

Wajerumani sifuri wanazijua kwa machungu. Kwenye gulio la vitu vya zamani hapa mjini kuna mzee anauza noti zilizokufa. Nilishika moja, ya mark 1,000, tarehe yake Desemba 1922. Juu yake pamegongwa maandishi mekundu: "Eine Milliarde Mark". Karatasi ile ile, mwaka uliofuata ikapandishwa cheo mara milioni! Kufika Novemba 1923 dola moja ilikuwa mark trilioni 4.2, ndipo ikaletwa Rentenmark, moja kwa trilioni moja ya zile za zamani. Mzee anaiuza noti ile kwa bei ya kikombe cha kahawa, na kikombe hicho, kwa taarifa yenu, kinameza elfu kumi nzima ya kwetu.

Sasa nyie mnaotafuta magari na spea huku, sikilizeni. Mio. ni milioni, Mrd. ni bilioni yetu, Bio. ni trilioni yetu. Nukta na koma zimebadilishana kazi: gari la 4.500 ni elfu nne na mia tano, kwa hiyo asije mtu akamwandikia muuzaji kumshukuru kwa ukarimu. Moja yao ya mkono ina kikono kirefu, utaapa ni saba; saba yenyewe wanaikata katikati. Na bei msikubaliane kwa simu. Mjerumani 21 anaitamka "moja na ishirini", mpaka umpange vizuri kichwani keshafika mwisho wa sentensi. Aandike.

Ila msidhani nawasema Wajerumani. Nyumbani trilioni tunazitaja kama tunahesabu karanga. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, ilisomwa, mkasikia, mkaendelea na mpira. Nani aliigawa? Sensa ya 2022 ilikuta watu milioni 61.7. Inakuja karibu laki nane kwa kila mtu, bibi na kitoto kichanga wakiwemo. Laki nane kila mtu anaujua uzito wake. Hiyo ndiyo ya kubishania kijiweni: yangu imekwenda wapi, na zahanati yetu imepata ngapi? Konda akibaki na chenji yenu ya mia mbili daladala zima linasimama, lakini trilioni ikipita mnainamisha vichwa kama mko msibani. Aibu, jamani.

Mwisho, kamati ya harusi: kadi ya mchango imefika. Naona wenzangu mmewaandikia laki moja, mimi kwa kuwa niko Ulaya mmeniwekea milioni. Sifuri hiyo nimeiona. Natuma laki mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, na mhazini anijibu akipokea.