Jaribio la Tiba: Ughaibuni Huanza kwa Swali, Nyumbani Hukwamia kwenye Makohozi

Mwaka 2016, jopo la wataalamu waliokuwa wakichunguza matokeo ya jaribio la tiba liitwalo KEYNOTE-024 lilishauri jaribio hilo lisitishwe kabla ya muda wake. Halikuwa limemdhuru mtu kiasi cha kufungwa. Dawa mpya, pembrolizumab, ilikuwa imeishinda tibakemikali waziwazi, na kuendelea kuwanyima nusu ya wagonjwa dawa hiyo kungekuwa dhuluma. Wagonjwa walikuwa 305, wote wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa na yenye kiwango kikubwa cha protini ya PD-L1. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine dawa mpya, wengine tibakemikali iliyokuwa tiba bora ya wakati huo. Aliyepewa tibakemikali na hali ikazidi kuwa mbaya aliruhusiwa kuhamia dawa mpya. Miaka mitano baadaye, karibu wagonjwa 32 katika kila 100 walioanza na dawa mpya walikuwa hai, dhidi ya 16 wa upande wa pili.

Leo dawa hiyo ni tiba ya kawaida katika hospitali za Minneapolis, Birmingham na Toronto, miji ambamo familia nyingi za Afrika Mashariki zimeweka makao. Lakini katika familia hizohizo, daktari akitamka neno jaribio, sebule hunyamaza. Kisha mmoja husema: wanataka kumfanya mzee wetu panya wa maabara.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Kano, Nigeria, mwaka 1996, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa ya Trovan katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na kesi zake zikachukua miaka mingi. Anayemwambia mzee asiogope bila kuyakiri haya hamheshimu. Ila ni haki pia aambiwe kilichobadilika. Siku hizi hakuna jaribio halali lisilopita kwanza kwenye kamati ya maadili. Mgonjwa husomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza haki ya kutibiwa.

Hofu nyingine ni ya kupewa kidonge kisicho na dawa. Katika saratani iliyosambaa, pale ambapo tiba inayofahamika ipo, mgonjwa haachwi hivihivi. Dawa mpya hulinganishwa na tiba iliyopo, au huongezwa juu yake. Kwa hiyo anayeangukia upande usio na dawa mpya bado anatibiwa, tena kwa uangalizi wa karibu kuliko kawaida.

Marekani na Uingereza, safari ya kuingia jaribioni huanza na kinyama. Kipande kidogo hutolewa mapafuni, hupelekwa maabara, na pamoja na kuthibitisha saratani hupimwa vinasaba: kuna mabadiliko ya EGFR? ALK? KRAS? Majibu hayo ndiyo yanayoamua mgonjwa anafaa jaribio lipi, kwa sababu majaribio mengi ya sasa yamelenga aina moja tu ya mabadiliko. Baadaye hufuata mchujo: picha za kifua na ubongo, damu, figo, ini, na swali moja kubwa, je, mgonjwa bado anajihudumia mwenyewe? Wengi huanguka hapa, na si kosa lao. Kila mwenye intaneti anaweza kutafuta majaribio yaliyo wazi katika ClinicalTrials.gov, daftari la umma lililoanza mwaka 2000.

Gharama nayo ina mpangilio wake. Kwa kawaida mwenye jaribio hulipia dawa inayojaribiwa, na bima hulipia matibabu ya kawaida. Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini Marekani, ililazimishwa kufanya hivyo kuanzia 2022. Kinachobaki ni nauli, maegesho na mshahara wa siku zilizopotea. Kwa mhamiaji anayelipwa kwa saa katika ghala au nyumba ya wazee, hicho si kidogo hata kidogo, na anapaswa kuuliza mapema kama jaribio linarudisha nauli.

Je, weusi ndio wanaokataa? Utafiti ulioongozwa na Joseph Unger na kuchapishwa mwaka 2021, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za Marekani, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa saratani wanaoombwa kujiunga hukubali, na wagonjwa weusi walikubali kwa kiwango sawa na wengine, karibu asilimia 58. Hivyo lawama isitupwe yote kwa mzee mwenye hofu. Wengi hawaombwi.

Nyumbani kikwazo huja mapema zaidi. Mtu anakohoa miezi miwili, anakonda, makohozi yana damu. Nchi zetu zina kifua kikuu kingi, kwa hiyo mhudumu wa zahanati huwaza kifua kikuu kwanza, na hakosei kuwaza hivyo. Tatizo huja pale makohozi yanapopimwa, mashine ya GeneXpert inasema hakuna vijidudu, na bado mgonjwa anaanzishiwa dozi ya miezi sita. Saratani haisubiri dozi iishe. Anapofika kwa rufaa hospitali ya Kenyatta, ya Eldoret au ya Ocean Road, amelala kitandani, na mchujo wa jaribio lolote ungemwacha nje. Hata anayewahi hukutana na foleni ya CT scan, uhaba wa wataalamu wa kutoa kinyama kifuani, na kipimo cha vinasaba ambacho sampuli yake mara nyingi husafirishwa nje na familia hulipa mfukoni.

Lakini asije mtu akasema Waafrika Mashariki hawayajui majaribio. Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Kombewa na Siaya ni miongoni mwa mahali ambapo chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kuanzia 2009 hadi 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Chanjo hiyo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Kampala, kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa mwaka 1967 kwa ushirikiano na Marekani kilijaribu michanganyiko ya dawa kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt na kuwaponya wengi. Miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker mwaka 1972 walikuwa Denis Burkitt na John Ziegler, kwa kazi yao juu ya limfoma hiyo.

Na kuna jambo ambalo nyumbani hufanya vizuri zaidi. Katika majaribio ya chanjo, watafiti hutangulia kijijini, huketi na wazee na akina mama, hujibu maswali hadharani kabla ya mtu kutia sahihi. Ughaibuni, mama anayeongea Kiswahili huenda akaketi katika chumba kidogo na mkalimani wa kwenye simu, akisomewa kurasa nyingi kwa haraka. Familia ikiweza iende naye, watu wawili au watatu, na iombe fomu ikasomwe nyumbani kwanza. Hospitali nzuri haikatai.

Swali linalorudiwa kwenye makundi ya WhatsApp ni kama mgonjwa aliye Tanga au Kisumu anaweza kuletwa Marekani ajiunge. Mara nyingi jibu ni chungu: jaribio hudai afike hospitali kila baada ya wiki moja hadi tatu kwa miezi mingi, na matibabu ya kawaida yanahitaji bima ambayo mgeni hana. Nauli na fedha za harambee zingefaa zaidi kulipia kinyama na kipimo cha vinasaba huko huko. EGFR ikionekana, kuna vidonge vya erlotinib na gefitinib, vilivyo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019 na vinavyotengenezwa pia kwa bei nafuu India. Na yeyote anayedai maelfu ya dola kumwingiza mgonjwa katika "jaribio" akimbiwe.

Mwenye mgonjwa nyumbani asiridhike na dozi ya kifua kikuu pekee ikiwa vipimo havikuonyesha vijidudu vyake. Adai picha ya CT na rufaa. Mwenye mgonjwa ughaibuni aulize juu ya majaribio wiki hiyohiyo majibu yanapotoka, kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu majaribio mengi ya tiba ya kuanzia hayampokei mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa nyingine.