Mikasi Ndani ya Damu

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa ng'ombe wetu, kikulacho kimepita ngozi na kukaa damuni. Kupe wa masikio huleta Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, ambacho huingia katika chembe nyeupe za damu na kuzifanya ziongezeke ovyo mithili ya saratani. Mitoki huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji. Kupe wa namna nyingine huleta Babesia bovis, ambayo hupasua chembe nyekundu hata mnyama akakojoa mkojo mwekundu. Aliyemtegemea ng'ombe huyo kwa karo ya mtoto haulizi jina la Kilatini. Yeye huona zizi tupu.

Hata hivyo majina hayo yana jambo la kutufunza. Vimelea hivi huishi kwa kukata protini, na mikasi yao ni vimeng'enya. Baadhi ya mikasi hiyo ni ya ukoo mmoja na kimeng'enya cha papai bichi, kile kile ambacho wapishi hukitegemea kulainisha nyama ngumu. Jikoni ni neema; damuni ni msiba.

Mwaka 2002 ilichapishwa jenomu ya kimelea cha malaria ya binadamu. Mwaka 2005 ikafuata ya Theileria parva, ya aina iliyopatikana Muguga, Kenya, na mwaka 2007 ya Babesia bovis. Hizi mbili za ng'ombe kila moja ina kromosomu 4, herufi milioni 8 na ushei, na jeni zipatazo 4,000. Orodha hizo zikiwekwa sambamba, huonekana nani ndugu ya nani. Falsipaini-2, ambayo kimelea cha malaria huitumia kumeng'enya himoglobini, ina ndugu yake katika Babesia bovis, aitwaye bovipaini-2. Tena, dutu inayozuia mikasi ya ukoo huu imedumaza Babesia katika maabara.

Hapo furaha hukutana na tahadhari. Ng'ombe mwenyewe ana mikasi ya ukoo huo huo, kathepsini, aitumiayo kusaga protini chakavu ndani ya seli zake. Dawa isiyobagua itamdhuru mgonjwa pamoja na ugonjwa. Kwa hiyo faida ya kulinganisha haiishii katika kuona kufanana. Kinachotafutwa ni mwanya mdogo, pengine herufi chache tu, unaoutenga mkasi wa adui na mkasi wa mwenyeji wake.

Orodha ya jeni haiponyi ndama. Mpaka mwanya huo upatikane, mfugaji ataendelea kukagua masikio, kuogesha mifugo, na kumwita bwana mifugo mapema, maana buparvakwoni hufaa zaidi siku za mwanzo za ndigana. Nawaheshimu wanaosoma herufi hizo kwa subira. Naomba tu wakumbuke kwamba jibu la hesabu yao linangojewa zizini.