Kioo cha laptopu: nirudishe au nivumilie?

Hapa Kipili ziwa limetulia, mimi sijatulia. Laptopu niliyonunua Sumbawanga wiki iliyopita ina nukta moja nyeusi pembeni ya kioo, na mstari wa kijani unaokuja na kuondoka.

Nukta sina ugomvi nayo. Kioo cha 1366 kwa 768 kina nukta zaidi ya milioni moja, na kiwango cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001, daraja la pili, kiliruhusu nukta mbili nyeusi katika kila milioni. Mstari ndio unaoninyima usingizi. Nikiunganisha na televisheni hauonekani. Nikisogeza mfuniko, unacheza. Maana yake kadi ya picha ni nzima, ubovu uko kwenye kioo au waya wake. Na mimi picha ndiyo kazi yangu.

Muuzaji kaniambia kwa simu: "Mali ikishauzwa hairudi." Si rahisi hivyo, ndugu yangu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inadai mali iwe na ubora wa kuuzika. Ila ukikaa nayo muda mrefu kimya, unahesabiwa umeikubali. Akigoma kabisa ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyotokana na Sheria Na. 8 ya 2003.

Nauli inauma, lakini kusubiri kunanila haki. Jumatatu napanda gari kupitia Namanyere, risiti mfukoni. Anipe nyingine au anirudishie pesa yangu. Nyie mngefanyaje?