Nyasi Zilindazo Maziwa ya Turkana

Msafiri atokaye Pwani, akapita Kitale na Kapenguria hadi kuufikia mji wa Lodwar kando ya mto Turkwel, hupokewa na nchi ya mchanga na mawe. Mvua ya mwaka mzima hapa ni takriban milimita 200. Mombasa hupata kama mara tano ya hizo. Kutoka Lodwar hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, ardhi tupu hutanda pande zote.

Upungufu wa malisho hapa hufika upesi jikoni. Majani yakiisha karibu na boma, wachungaji huihamisha mifugo mbali, na maziwa huondoka nayo; akina mama, watoto na wazee hubaki na vibuyu vitupu. Ukame ulioanza mwaka 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua haba, uliangamiza mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya.

Miongoni mwa mimea iistahimiliyo nchi kama hii ni nyasi za kienyeji ambazo wataalamu huziita Cenchrus ciliaris, zenye masuke ya manyoya mfano wa mkia wa mbweha. Kiangazi hukausha majani yake, lakini mizizi iliyozama chini hubaki hai, na mvua ikinyesha huchipua bila kupandwa tena. Mizizi hiyo hushika udongo, na mashina hupunguza kasi ya maji. Faida hiyo si ndogo Kakuma, ambako mto Tarach, mkavu sehemu kubwa ya mwaka, hufurika ghafla na kuyavamia makazi ya wakimbizi na wenyeji.

Kazi yake yataka subira. Huko Baringo, tangu miaka ya 1980, ardhi iliyochakaa imezungushiwa ua, ikachimbwa matuta ya kukinga maji na kupandwa nyasi. Mifugo huzuiwa hadi nyasi zikomae. Kisha hulishwa kwa zamu, au zikakatwa na kuhifadhiwa.

Hata hivyo, kila mmea una kwao. Mathenge, mti mgeni ulioletwa kuzuia jangwa, sasa umezisonga kingo za Turkwel. Nyasi hizi nazo, zilipopelekwa Australia na Arizona, zilisonga mimea ya huko na kuchochea moto wa nyikani. Turkana haihitaji kuagiza mgeni mwingine: yahitaji kuwapa wenyeji wake nafasi ya kumea, ili mbuzi wa maziwa abaki karibu na mtoto.